Posa Iliyokwenda Nanganga

Ndanda,
9 Juni 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na Mama Flora na nyumba nzima. Kifua chako vipi na salfa za mwaka huu? Unafunga kitambaa puani ukienda kupuliza mikorosho, au bado unasema kitambaa ni cha wanawake? Mimi ni mzima. Zamu wodini zimepungua kidogo, nimeanza kula mezani kama watu.

Najua hukuitegemea barua yangu. Tangu Januari hujaniandikia hata mstari, wewe uliyekuwa ukiniandikia kila Jumapili nilipokuwa bweni. Simu ndiyo kabisa. Sikio lako na simu ni maadui, na Mama Flora akiishika anasema "mjomba wako yuko shambani" hata saa ya kula. Basi nimerudi kwenye karatasi.

Mjomba, mimi na Edson tumeamua. Tunafunga ndoa Jumamosi, tarehe 21 Septemba, ufukweni Msimbati. Hakuna ukumbi, hakuna kamati, hakuna kadi za michango. Watu kumi na mmoja tu, pamoja na msajili wa serikali. Mama yake Edson anataka kwao Marangu, kwa mchungaji wao. Baba anataka kwake Nanganga ili watu waone. Wewe hutaki kusikia lolote. Tumechoka kuvutwa huku na huku. Tutakwenda kimya kimya, turudi tumeshaoana, na anayetaka kusema aseme. Padre tutamwona baadaye.

Kwa nini Msimbati, unajua. Ulitupeleka pale mwaka tisini na tisa, nikiwa na miaka saba, Mama akiwa hai. Nakumbuka ile miti ya mivinje, na mchanga mweupe mpaka macho yanauma, na Mama akicheka. Tangu Baba aondoke sikuwa nimemwona akicheka, na baada ya siku ile sikumbuki kama alicheka vile tena. Nataka niolewe pale Mama alipocheka.

Siombi ruhusa, maana naogopa utaninyima. Nakuarifu tu. Kukuficha nimeshindwa.

Mpwa wako,
Yuster

*

Newala,
30 Juni 2024

Yuster,

Marahaba. Hapa sote wazima. Mama Flora anakusalimu na anakanusha hayo ya simu, ingawa ni kweli. Kifua kinakohoa lakini kazi kinafanya. Kitambaa sifungi.

Umeniarifu, nimearifika. Mwaka huu naona ni mwaka wangu wa kuarifiwa. Habari za posa yako nazo niliarifiwa, sokoni, na mwanamke anayeniuzia dagaa. "Hongera mzee! Mtoto wenu kaposwa, barua imepokelewa Nanganga, kwenye sahani, na kitambaa cheupe juu." Mbele za watu! Niliacha dagaa palepale nikarudi nyumbani, na Mama Flora akaniuliza mboga iko wapi.

Wewe ni mtoto wa huku. Unajua kwetu binti anaulizwa kwa mjomba wake. Haulizwi kwa mwanamume aliyemwacha mama yake na ndoo kichwani akaenda kuanza maisha mengine Nanganga. Na baba yako simlaumu, sahani ikija mlangoni utaipokea. Lakini mimi ndiye niliyekaa na surua yako siku tisa. Mimi ndiye niliyebeba godoro lako kichwani mpaka bweni, wenzako wakinicheka. Leo nijulishwe na muuza dagaa?

Tena kumbukumbu yako ina matundu. Mama yako hakuanza kwa kucheka. Alishuka kwenye gari, akayatazama yale maji mpaka nikaogopa. Kisha akasema, "Kaka, maji yote haya, na sisi kila alfajiri tunashuka bondeni na ndoo!" Hapo ndipo akacheka, mpaka akakaa chini. Halafu akaomba dumu kwa dereva, akaingia na viatu vyake, akalijaza. Nikamwambia, Anastasia, hayo ni chumvi tupu, hata mbuzi hanywi. Akasema anajua, lakini hawezi kuona maji mengi namna ile halafu arudi Newala mikono mitupu. Tulilipakata lile dumu kwa zamu njia nzima. Wewe ulikuwa umelala.

Nendeni huko Msimbati. Mimi nina mikorosho ya kupuliza.

Ladislaus,
mkulima

*

Ndanda,
14 Julai 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimepata barua yako kwa kondakta, nimeisoma chumba cha dawa, nimelia mpaka Ursula, yule nesi mwenzangu, akaja kuuliza mgonjwa gani kafa. Mmeamkaje huko? Mwambie Mama Flora nimemsamehe.

Umesaini "Ladislaus, mkulima", kana kwamba unanipa stakabadhi. Tangu nijue kusoma sijawahi kupata barua yako isiyosema Mjomba chini. Hiyo imeniuma kuliko ya dagaa.

Sasa nisikilize, maana hili nimelibeba tangu Januari. Edson hana kosa, wala watu wake. Waliniuliza. Alikuja na kalamu kabisa, akasema, "Wazee wangu wanataka kuandika posa. Iende kwa nani?" Nikajibu, kwa Baba, Nanganga.

Ni mimi, Mjomba. Nilijua kabisa. Kwao barua inakwenda kwa baba wa binti, na alipouliza, niliona aibu kuanza kumweleza mtu wa Marangu kwamba baba yangu yupo, tena hapo barabarani tu, lakini wa kuulizwa ni mtu mwingine. Nikaona atauliza kwa nini, na nitalazimika kusimulia Mama alivyoachwa. Maisha yangu yote kila fomu inasema "jina la baba", na mimi najaza. Nikajaza na hii. Nilidhani wewe utaelewa tu, kwa kuwa wewe huwa unaelewa. Nimekosa. Nisamehe.

Na ile habari ya kukuarifu tu, nimeifuta. Naomba uje. Watu wote kumi na mmoja nimewapata, lakini msajili ameuliza nani atanikabidhi, nikamwambia nitamletea jina. Baba amesema yuko tayari. Bado sijamjibu. Nikimfikiria yeye amesimama pale mivinjeni kanishika mkono, na Mama aliingia maji yale akiwa ametoka kuachwa naye, moyo unakataa.

Lile dumu silikumbuki hata kidogo. Lakini nakumbuka kisamvu fulani kilichokuwa na chumvi nyingi, Mama akasema tunakula bahari. Ni yenyewe?

Mwanao,
Yuster

*

Ndanda,
18 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo. Wiki ya tano hii na sijaona bahasha. Kila basi la Newala likipita namtazama kondakta mpaka ameanza kudhani namtaka. Nimempigia Flora huko Mtwara, amesema mko wazima, basi nimeshukuru, nikakasirika upya.

Tangazo la ndoa litabandikwa ofisini wiki hii, siku ishirini na moja kama sheria inavyosema. Gauni ni jeupe la kawaida, mabega nitafunika na kanga ya Mama ile ya zambarau. Ursula atapika. Tulikuwa tumepanga saa kumi jioni, jua likiwa limepoa, lakini mama mmoja wa Msimbati tuliyekodi viti kwake ametucheka. Amesema siku hizo ni bamvua, saa kumi maji yatakuwa yamefika kwenye mivinje na msajili atafungisha ndoa akiogelea. Kwa hiyo ni saa nne asubuhi, maji yakiwa yanatoka. Maana yake, anayetoka Newala lazima alale Mtwara Ijumaa. Nakwambia tu, usije ukasema hukuambiwa.

Edson naye siku hizi haeleweki. Jumamosi ijayo anasema ana semina Masasi. Bwana shamba gani ana semina Jumamosi?

Baba nimemkatalia. Nimemwambia aje kama mgeni, na amekubali, ingawa kwa shingo upande. Kwa hiyo sina mtu, Mjomba. Kama huji nitatembea peke yangu. Lakini viti tumekodi kumi na viwili, na kimoja nitakiacha wazi mbele, watu waulize ni cha nani.

Mwanao,
Yuster

*

Newala,
8 Septemba 2024

Mwanangu Yuster,

Marahaba, marahaba mara mbili, moja ya barua ya Julai niliyonyamazia. Sisi wazima. Mama Flora ameshashona sare bila kuniuliza. Wewe je? Unakula? Bibi harusi aliyekonda anatia aibu ukoo.

Barua yako ya Julai niliisoma mara nyingi, nikashika kalamu, kalamu ikawa nzito. Kusamehe nilisamehe siku ileile. Kilichobaki ni kiburi tu, nacho ukikizoea kinakaa ndani ya nyumba kama paka. Nilikuwa nangoja nini, hata sijui.

Sasa nikueleze ya Jumamosi ya tarehe 24 Agosti, na usimgombeze huyo wa semina.

Nilikuwa uani nikasikia pikipiki. Naam, pikipiki nasikia, ni simu tu ndiyo sisikii. Nikachungulia, nikamwona Edson wako anashuka, ameshika sahani imefungwa kwa kitambaa. Nikakimbilia ghalani. Umri wangu huu! Nikamnong'oneza Mama Flora aseme nipo shambani. Mama Flora akasema, kwa sauti ya msibani, "Yupo shambani." Kijana akasema, "Nitamsubiri, mama," akakaa barazani.

Akasubiri kweli. Saa nzima, saa mbili. Mimi nimekaa juu ya mifuko ya salfa, gizani, nusu nipasuke kwa kikohozi. Mwisho chafya zikanitoka tatu mfululizo, mpaka kuku wakaruka. Kisha nikamsikia kijana anasema taratibu, "Shikamoo mjomba, pole na shamba."

Nilitoka nimejaa unga wa salfa kichwani kote, njano tupu kama kifaranga. Hakucheka. Hapo nikamwona ana adabu. Mama Flora ndiye aliyecheka mpaka akashika nguzo ya baraza.

Akapiga magoti, akaweka sahani. Barua ameandika kwa mkono wake mwenyewe, wazee wake wametia sahihi chini. Akasema, "Mjomba, ya kwanza ilipotea njia. Hii ndiyo yenyewe. Yuster hajui kama nimekuja." Akaniambia alikuta barua yangu mezani kwako, ile ya dagaa, akauliza wazee wa hapo Ndanda, wakamweleza jinsi sisi tunavyokaa. Nikamwambia mikorosho saba ya mwisho haijapulizwa na mgongo wangu unauma. Akabeba mashine mgongoni mpaka jua likaelekea kuzama. Amesomea mikorosho chuo kizima, na anashika bomba kama mtu anayemwagilia mchicha! Lakini alimaliza yote saba.

Sasa kuna jambo sikuwahi kukwambia, na ndilo lililonifanya ninyamaze. Siku ile ya dumu, wewe umeshalala garini, mama yako alikuwa amesimama majini mpaka magotini. Akaniambia, "Kaka, mimi mume kaniacha, wala sina neno. Lakini huyu mtoto siku akiolewa, asimame mtu aliyekuwepo. Usimwachie mwingine nafasi yako." Nikamwambia, acha maneno ya mikosi, utamwoza mwenyewe. Akasema, "Niahidi." Nikaahidi, maji yananipiga miguuni. Miaka saba baadaye tukamzika.

Kwa hiyo uliponiandikia kwamba unaolewa Msimbati, mahali palepale, na mimi naarifiwa tu, nilihisi Anastasia ananitazama kutoka ndani ya maji yale. Ndiyo maana nikakuandikia ujinga wa mikorosho.

Kisamvu ni chenyewe. Aliyachemsha maji yote yale yakabaki chumvi, vikombe kama viwili, akapikia wiki nzima bila kumpa jirani. Dumu lipo. Nilikuwa naweka mbegu za choroko, nimezimwaga, nimelisugua kwa mchanga. Nitakuja nalo limejaa maji ya bomba ya Newala, maana mtu akitoka kwenye mchanga wa bahari miguu inanata, na wewe utakuwa na safari ya gari. Nitakuosha miguu kisha utavaa viatu vyako. Mama yako alileta maji ya huko, nasi tupeleke ya kwetu.

Ijumaa nalala kwa Flora. Saa nne asubuhi nitakuwa Msimbati. Posa hujibiwa, na jibu la Edson nitakwenda nalo mdomoni, alisikie mbele ya huyo msajili wake na baba yako akiwepo. Mwambie asiwe na wasiwasi. Au usimwambie, acha ahangaike kidogo, mimi nimekaa ghalani saa mbili.

Na kile kiti ulichosema utakiacha wazi, kirudishe kwa mwenyewe. Nakuja kusimama.

Mjomba wako