Handaki la Kihambani Kwako

Ndesario rafiki yangu,

Marangu nzima wanaisimulia vibaya habari ya handaki lako. Wote! Huyu anasema lilichimbwa na Wajerumani, yule anasema linaishia mtoni. Mtoni! Mimi nimewaambia miaka yote, linashuka hadi chini ya stesheni ya Moshi mjini, ukitulia unasikia treni. Wenye kulijua tulikuwa wawili, na wewe umelala kaburini hapo kihambani, kwenye migomba yako, husemi kitu.

Naandika mwenyewe, kwa kile kisomo cha watu wazima ulichonichekea. "Mzee mzima unaparua karatasi kama kuku!" Haya, soma sasa kama unaweza.

Unakumbuka tulivyoingia kumfuata mbuzi wako? Tukakuta jiwe la kusagia, na masizi ukutani, ya moto wa babu zetu walipojificha humo na ng'ombe wao wakati wa vita. Tukatoa vichwa kwenye tundu la hewa, vumbi mpaka kwenye kope. Mke wa jirani alikuwa anakata majani. Akatupa mundu, mbio, akaita ukoo mzima: wazee wa kale wametoka ardhini, wana hasira! Wakaja na pombe ya mbege na majani ya masale ya kuombea msamaha, wakapiga magoti kutuomba radhi. Ukaninong'oneza, "Nyamaza wewe, tunywe kwanza." Tukamaliza kibuyu. Mbuzi ndiye aliyetuumbua kwa kulia.

Sasa sikiliza. Sukari hakuna, sabuni hakuna, hayo uliyaacha. Lakini handaki, Ndesario, halipo tena. Ndama alitumbukia akavunjika mguu, mwanao Samueli akaleta vijana na majembe. Nilisimama mlangoni pa shimo na fimbo yangu. Nikamwambia, humu ndimo walimopona waliokuzaa. Akanijibu kwa adabu, hiyo ndiyo iliyoniua: "Shikamoo baba. Nimeingia na tochi mpaka mwisho. Stesheni sijaiona. Wewe na hadithi zako." Vijana wakacheka.

Mimi! Mimi ambaye nikianza kusema kilabuni hata mwenye pombe anasahau kumimina! Sikuwa na wa kunisemea. Ungekuwepo ungesema, "Hapo anadanganya, ila hapa ni kweli," nao wangeamini. Nikasogea pembeni. Wakajaza mawe, wakajaza udongo. Jiwe la kusagia limo humo humo.

Juu yake wamepanda mahindi. Nimepita nikapiga chini na fimbo. Hapatoi mwangwi tena.

Lala, rafiki yangu, sina cha kukupoza. Nitapanda masale pale palipokuwa mlango, nawe nakuahidi, akitokea mtoto wa kuuliza, nitamsimulia bila kuongeza chumvi. Simwoni wa kuuliza, lakini nimeahidi.

Basi nianze na wewe. Linaishia mtoni. Ile stesheni niliitunga mimi, na wewe ulijua.