Ndege ya Vita Niliyoipigia Vigelegele

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umeketi, maana ukiisoma umesimama utaikunja kabla hujafika katikati. Habari za hapo Choma? Mguu wa Baba unaendeleaje? Mpunga wa bondeni mmeshauvuna, au ng'ombe wa jirani wamewatangulia? Sisi huku Uingereza ni wazima. Mume wangu Juma anakusalimu sana. Anajifunza kupika uji wa mzazi na bado una mabonge. Tumbo langu limekuwa kubwa, na huyu mjukuu wako anapiga mateke utadhani ana ugomvi na mimi.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nikitaja ndege tu, mtandao unaharibika upande wako. Kaka Shija ameniambia yote. Pasi ya kusafiria unayo, viza imetoka, lakini umemwambia hupandi ndege, na kama mkwe wako anataka uje kumkanda mkewe maji ya moto, basi akutafutie njia ya basi. Nilicheka. Kisha nikaingia bafuni nikalia.

Sikulaumu, Mama. Tangu utotoni nakumbuka ndege ikipita juu, unaacha mchele kwenye ungo na kuingia ndani. Ulitusimulia mara moja tu: wewe binti mdogo, uko kwa shangazi yako Mwanza wakati wa vita, ndege ikadondosha mabomu, ukalala mtaroni umekumbatia ndoo. Kwa hiyo sikuandikii kukwambia usiogope. Nataka kukusimulia nilichokiona Jumamosi.

Yule mzee ninayemhudumia, wa kiti cha magurudumu, ujanani alikuwa fundi wa ndege za jeshi. Namwita Mzee Tomu, ingawa wenzangu kazini wanamwita Tomu tu. Mtu wa umri wa Babu kumwita jina kavu, ulimi wangu unakataa. Kwa muda mrefu alikuwa akinisihi nimpeleke kwenye mkusanyiko wa wapenzi wa ndege za zamani za kivita. Mimi niliyerithi pua yako na hofu yako nilitoa visingizio mpaka vikaniishia. Tukaenda.

Mama, watu wale ungewapenda. Uwanja wenyewe uko katikati ya mashamba ya ngano, nao walikuwa wamejipanga kwenye uzio na ngazi zao ndogo za kusimamia, chupa za chai, na kamera ndefu kama mchi. Wengine walitoka Uholanzi, wengine Japani. Nilimuuliza mama mmoja wa makamo mwenye kamera ni nani anayemlipa kwa kazi ile. Akasema halipwi na mtu, amekuja kutazama tu, kwa sababu ndege hizo zinazoweza kuruka zimebaki chache. Nikawakumbuka wapagazi wetu waliotoka Tabora kwa miguu hadi pwani. Babu alikuwa akisema wapo waliofuata ujira, na wapo waliokwenda ili wasizeeke bila kuiona bahari. Hawa wa kwenye uzio ni ndugu zao kabisa.

Na wanavyozitunza! Nilimwona mwanamume mwenye mvi akifuta bawa kwa kitambaa laini, taratibu, kama Baba anavyompangusa ndama aliyezaliwa kwenye mvua. Wanajitolea miaka na miaka kuifufua ndege moja iliyokuwa imeoza bandani. Nilistaajabu kwamba binadamu anaweza kupenda kitu kiasi hicho bila kukimiliki.

Mchana ikaja ile kubwa, ya mapangaboi manne, iliyobeba mabomu zamani. Nilishika kiti cha Mzee kwa mikono miwili. Ilipita chini, nzito, ikinguruma mpaka mtoto akajigeuza tumboni. Nilingoja kitu kianguke. Hakikuanguka kitu. Ikazunguka, ikatoa magurudumu, ikatua polepole kwenye nyasi, nami nikajikuta nimepiga vigelegele, vile vyetu virefu.

Uwanja mzima ulikuwa kimya. Kutazama hivi, wanaume wamevua kofia na wanawake wameinamisha vichwa. Kumbe tangazo lilitolewa, nami kwa hofu sikulisikia: ndege ile ilikuwa ikirushwa kuwakumbuka vijana waliokwenda vitani na ndege kama ile wasirudi. Wenzangu wako msibani, mimi niko harusini. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Nikaanza kugeuza kiti tuondoke.

Mzee Tomu akanishika mkono, akaniuliza ile sauti kwetu ina maana gani. Nikamwambia kwa aibu kwamba kwetu tunampokea nayo aliyerudi salama, na kwamba bibi zetu waliwalaki wapagazi njiani hivyo hivyo walipoingia Unyamwezi kutoka pwani. Macho yake yakajaa machozi.

"Kazi yangu ilikuwa kuiandaa ndege, kisha kusimama pembeni na kuingoja," alisema. "Zilizorudi tulizipokea kimya. Hakuna aliyetufundisha kufurahi. Piga tena, binti yangu."

Nikapiga tena. Yule mama wa kamera akajaribu naye, akatoa sauti ya mbuzi, watu wakacheka huku wakifuta machozi. Rubani aliposhuka alikuja kutusalimia, nikapata ujasiri wa kumuuliza kama yeye haogopi. Akanijibu kwamba huogopa kila mara, ndiyo sababu hukagua kila kitu kwa mikono yake kabla ya kupanda. Kisha akanipeleka karibu. Nikaweka kiganja ubavuni mwa ndege, bado ulikuwa na joto la safari. Ni bati, Mama, bati na misumari ya ribiti. Waliokuangushia mabomu Mwanza walikuwa watu, si bati.

Nisalimie Baba, na umwambie aache kupanda baiskeli na mguu ule. Mpe pole Kaka Shija kwa kuwa mjumbe kati ya wanawake wawili wabishi. Msalimie Shangazi muuza vitenge wa Igunga, Mjomba dereva wa lori, na Baba Mkubwa mrina asali wa Sikonge. Mwambie nina hamu ya asali yake kuliko chakula chochote cha huku.

Nimeisoma barua hii kabla ya kuifunga, nikaona nimeijaza ndege tupu, kana kwamba ndizo zinazonisumbua. Juma ni mwema, na wakunga wa huku ni wema, lakini wote hao hawakunizaa. Mimi naogopa kujifungua bila wewe, Mama. Naogopa sana. Ukishindwa kabisa kupanda sitakununia, utabaki mama yangu. Ila kama unangoja hofu iishe ndipo uje, usingoje. Njoo hivyo hivyo unatetemeka, tutatetemeka wote wawili.

Ni mimi binti yako,
Kabula