Kirimba ya Dawa

Jumanne, 6 Mei 2025

Mwenzetu Zena amerudi kutoka Bujumbura na dawa zetu sote watano. Kazificha chini ya ndagala, visamaki vilivyobaki kuuzwa, kama kawaida. Dawa ni bure, Alhamdulillah, lakini safari! Esanse ya magari hakuna, nauli imepanda mara tatu. Ndiyo maana anaenda mmoja kwa zamu, wengine tunamchangia. Huku Rumonge wanadhani ni kirimba, wanawake wanachanga pesa na kupokezana. Tumewaacha wadhani hivyo.

Jina hilo la kirimba alilitoa marehemu mume wangu, Djibril. Zamani tulikwenda sisi wawili. Tukitoka senta, kwenye dawa, ananinunulia mukate na chai ya maziwa, tunakaa kama wachumba. Kumbe hata ugonjwa una siku zake nzuri. Ziwa ndilo lililomchukua, si ugonjwa. Leo nimemkumbuka mpaka nikakasirika.

Ijumaa, 9 Mei

Mama Hamidou alikuja baada ya swala. Mwanawe anamuoa binti yangu Sumaya baada ya Sikukuu ya Kuchinja. Alikula bugali, akasifu mawese yangu, halafu akasema anataka kuingia kirimba yetu. Sisi sasa ndugu, mbona ninamficha kitu cha faida? Nikasema nafasi hakuna. Akacheka — watu watano tu, nafasi imejaa vipi?

Nikamnawisha mikono, maji yakamwagika chini. Sumaya ni mzima. Nilimeza dawa nikiwa na mimba yake, wakampima mara tatu. Lakini nani atanisikiliza mpaka nifike hapo?

Jumatatu, 12 Mei

Mwezi mkubwa angani, taa za wavuvi hazina kazi, mitumbwi iko imelala, ndagala hakuna. Mwezi kama huu Djibril haendi kuvua, alikuwa analala nyumbani. Zilikuwa siku zangu. Saa mbili usiku tunameza dawa pamoja, kikombe kimoja, ananiambia: afya, bibi.

Mama Hamidou amemwambia Sumaya eti ninamdharau. Mutoto amelia. Anajua ukweli, hawezi kumjibu. Ananiambia: mdanganye chochote, Mama, harusi ipite kwanza. Nimedanganya miaka ishirini. Nimechoka, basi.

Nimemwambia Zena nitasema ukweli, kakasirika. Eti nikisema yangu nimesema na ya wenzangu. Ni kweli. Nimempa neno langu: nitataja jina moja tu, langu.

Jumatano, 14 Mei

Leo ni siku ya kupimwa damu, na damu humtumi mtu akakupelekee. Nikamwambia Mama Hamidou twende wote Bujumbura, akaione kirimba yenyewe. Kadi za dawa za wenzangu nimeziacha kwa Zena.

Njia nzima alikuwa na furaha, kavaa kitenge kipya. Gari liliposimama Gitaza akaninunulia ndizi, akakataa pesa yangu.

Sasa tuko kwenye benchi, hapa senta. Ninaandika ili mikono iwe na kazi. Ameniuliza: ni hapa mnagawana? Nikamjibu: ndiyo, Mama Hamidou. Ni hapa ninapewa dawa za virusi, mwaka wa ishirini sasa. Sumaya hana.

Amesoma makaratasi yote ya ukutani, taratibu, moja moja.

Muuguzi ameita jina langu. Ameita tena. Siwezi kusimama — Mama Hamidou ameshika pindo la kanga yangu, haachii, na kwa mkono mwingine amebeba mkoba wangu, kama mtu anayetaka tuingie wote.