Sale Kwenye Mguu wa Diwani

Mwika, Moshi

Mama yangu,

Shikamoo. Najua bahasha hii umeigeuza mara mbili kabla ya kuifungua, na huenda uliiweka kwanza kabatini chini ya vitenge hadi hasira ipoe. Simu zangu hupokei tangu tulipomzika baba, na sikulaumu. Ndiyo maana nimeandika. Barua nimempa mwalimu mmoja wa hapa anayekuja Mbinga likizo, na ameniahidi ataiweka mkononi mwako wewe, siyo wa dada Tuzo. Tuzo akiitangulia, mtaa mzima utakuwa umeisikia kabla ya chai ya saa nne.

Magoti yanaendeleaje? Kahawa imeiva, au mvua imewachezea kama ilivyotuchezea sisi huku? Kama unasoma kwa miwani ya baba, isogeze juu ya pua, maana mwandiko wangu bado ni ule ule wa kuku.

Mwili wangu ni mzima, moyo ndio hautulii. Aloyce bado yuko Dodoma kwenye ujenzi, anarudi mwisho wa mwezi akijaliwa, na mimi nimebaki kulinda kihamba cha wazazi wake, yaani hili shamba la migomba na kahawa lenye nyumba katikati. Wakwe zangu wote wawili wamelala makaburini humu humu, nyuma ya nyumba. Wa kuongea naye ni Diwani.

Diwani ni mbwa, Mama, usishtuke. Baba mkwe alimpa jina hilo kwa sababu hubweka sana watu wakikutana, halafu hulala. Nilimrithi pamoja na nyumba. Nikienda mashineni kusaga, yuko nyuma yangu. Nikienda sokoni, ananisubiri chini ya meza ya muuza dagaa na kujifanya hatujuani. Jioni nikikaa barazani kufuma vitambaa, kazi yako uliyonifundisha kwa kunipiga vidole, yeye hulalia uzi, na vitambaa vyangu vyote vina manyoya. Ukipelekewa kimoja, usiulize.

Basi huyo Diwani ndiye aliyeniingiza kwenye matatizo ninayotaka kukusimulia. Ng'ambo ya uzio anakaa Mzee Eliakimu na mkewe Bibi Ndeshi. Tangu nilipofika hapa nikiwa sijui hata kukata mkungu wa ndizi, hao ndio wamekuwa watu wangu. Maziwa ya asubuhi Bibi Ndeshi alikuwa ananipitishia juu ya uzio, na kopo halirudi kwake tupu. Naweka mboga, naweka maharage, au nikikosa naweka maneno tu. Siku moja Diwani akapenya uzio akamkamata mtetea wa mzee aliyekuwa amelalia mayai. Mzee akamrushia mpini wa jembe. Nilisikia kilio nikiwa jikoni. Mbwa alirudi anaburuta mguu wa nyuma, umevunjika.

Mama, hasira yangu unaijua, umenizaa nayo. Nilikwenda hadi uani kwa mzee, mtu wa umri wa babu yangu, nikamwita katili mbele ya mke wake. Alisimama tu ameshika kofia.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nimekaa chini barazani, mbwa nimembana kwa magoti, namfunga mguu kwa vijiti viwili vya mbuni. Kitambaa kikanipungukia. Wakati huo huo akaingia mzee mmoja wa ukoo wa Mzee Eliakimu, amevaa koti siku ya kazi, ameshika kwa mikono miwili jani moja refu la kijani lililopigwa fundo.

"Mzee Eliakimu amenituma," akasema. "Nimekuletea hili."

Nilijua ni jani la ule mmea wanaopanda kwenye mipaka ya vihamba, wanauita sale. Niliona ni gumu, linafaa. Nikamwambia, "Asante babu, umekuja wakati mzuri kweli." Nikafungua lile fundo, nikalichana jani katikati, nikamalizia kumfunga mbwa. Nikakaza vizuri, tena nikamwonyesha yule mzee kazi yangu. Alinitazama, akatazama mguu wa Diwani, akageuka akaenda zake bila kuaga. Nikasema moyoni, watu wengine hawana adabu.

Kuanzia siku hiyo kopo la maziwa halikuja. Nikipita njiani watu wazima wananiitikia shikamoo huku wanatazama migomba. Kanisani benchi langu lilikuwa na nafasi nzuri kabisa kulia na kushoto. Na mimi kwa ujinga wangu natembea na Diwani kila mahali, dukani, kisimani, mashineni, anachechemea na lile jani mguuni, nafurahi kwamba mguu unaunga.

Ni mama wa mashine ya kusaga aliyenionea huruma. Alizima mashine kabisa, watu wamejaa foleni, akanivuta pembeni.

"Skola, aisee, wewe una roho gani? Sale la mzee unamfunga mbwa?"

"Si ni jani tu?"

"Jani tu!" Akashika kichwa. "Mtu akikukosea huku, akikuletea sale, amepiga magoti. Amekuja na ukoo wake mzima kukuomba radhi. Hilo halikataliwi, hata kama amekuumiza namna gani. Wewe umelichana mbele ya mjumbe, umemvalisha mbwa, halafu unamtembeza sokoni."

Mama, nilikaa juu ya gunia la mtu la mahindi. Hapo ndipo akaniambia lililo baya zaidi. Mzee Eliakimu ana ngiri, imembana, daktari wa zahanati amesema ashuke haraka hospitali ya mjini akapasuliwe. Ni siku ya tatu na mzee amekataa kutoka. Anasema akifia kwenye kisu cha daktari, na sale lake liko kwenye mguu wa mbwa, atawaambia nini baba zake huko aendako.

Unga niliuacha pale pale. Nilikata sale bichi kwenye mpaka wetu, nikapiga fundo, nikaenda. Sikuthubutu kuingia. Nilisimama mlangoni na jani langu, nikamsikia Bibi Ndeshi ndani akimbembeleza mumewe. "Baba, twende. Gari lipo. Baba, nakuomba, vaa hata viatu." Na mzee anajibu kwa sauti ndogo ya maumivu, "Niache, mama. Niache kwanza." Akaanza tena, akajibiwa vile vile. Nikasikia viatu vinawekwa chini, vinaokotwa, vinawekwa tena.

Nilipogonga, Bibi Ndeshi alinifungulia. Alikuwa amelia hadi macho yamevimba. Nikapiga magoti pale pale kizingitini, jani mbele, nikasema sikujua, mimi ni mgeni, nisameheni. Mzee alikuwa ameegemea mto, uso umegeuka rangi. Hakunitazama mimi. Alitazama nyuma yangu, kwa sababu Diwani alikuwa amenifuata, amesimama kwa miguu mitatu na lile jani limekauka, limetafunwa ncha.

"Bado amelivaa?" mzee akauliza.

"Ndiyo, babu."

Nilitamani ardhi inimeze. Halafu akasema, "Kuku alikuwa wangu. Mguu ulikuwa wake. Sasa mimi nikamtumia sale mwenye mbwa, na niliyemvunja ni mbwa." Akaanza kucheka, akajishika kiunoni kwa uchungu, akacheka tena. "Lilifika panapostahili. Mama, nipe koti langu."

Tulimpeleka pamoja hadi kwenye gari. Walimpasua siku hiyo hiyo. Lakini Mama, sitakudanganya, hali si nzuri. Alichelewa. Jana Bibi Ndeshi alipiga simu kutoka hospitali, akasema amefungua macho, hajasema neno, na daktari anasema wasubiri. Mimi nakamua ng'ombe wao na kulisha kuku waliobaki. Diwani ameacha kulala kwangu. Analala mlangoni kwa mzee. Zile siku tatu ni zangu, hata watu wakinambia sikujua.

Na sasa nifike kwenye lile lililofanya nichukue kalamu. Siku ya kumzika baba nilikuambia, mbele ya shangazi zangu, kwamba wewe ndiye uliyechelewesha kumpeleka hospitali. Nikapanda basi bila kukuaga. Mimi nilikuwa huku Moshi, sikuona chochote. Nilijua tu kwamba siku zilipita, nikazihesabu juu yako. Sasa nimesimama mlangoni kwa watu nikasikia viatu vinaokotwa na kuwekwa chini. Baba naye alikuwa mbishi, na mimi ndiye niliyerithi ubishi wake. Najua sasa ulimwomba. Najua ulimwomba mara nyingi, peke yako, na hakuna aliyekusikia. Niliyokuambia yalikuwa ya uongo na ukatili.

Msalimie dada Tuzo na umwambie hii siyo ya kusoma kwa sauti. Wasalimie shangazi zangu wote wawili, hasa yule mkubwa aliyenifunika mdomo kwa mkono siku ile. Mwambie alichelewa kidogo tu. Msalimie mjomba anayetunza kahawa ya baba. Aloyce anakuamkia kutoka huko aliko.

Ukitikisa bahasha litaanguka jani limepigwa fundo. Nililikata nyuma ya nyumba, karibu na kichwa cha baba mkwe, na litakuwa limenyauka likifika. Usiwape mbuzi. Kama umelikubali, lifungue fundo wewe mwenyewe. Kama bado, liache hivyo hivyo kabatini chini ya vitenge, nitasubiri.

Mwanao aliyekukosea,
Skolastika