Taa za Maiki ya Mchumba Wangu

Mwenzangu, nimejifungia chooni kazini.

Si unajua kwenye mikutano mimi ndiye nakaa na mitambo ya sauti? Anayenong'ona mashine inampandisha, anayefoka inamshusha, ili kwenye spika wote wasikike sawa. Ila taa za maiki zinanionyesha mimi sauti halisi ya kila mtu: akipaza zinapanda, akishusha zinashuka.

Leo mchumba wangu kamjibu mhasibu, taa zimetulia. Kamjibu bosi, zimetulia vilevile. Yule dada mwanasheria mpya kamuuliza kitu kidogo tu, alipomjibu taa zikaporomoka.

Zimeporomoka, mwenzangu. Kwa swali la bajeti.

Mashine ikampandisha, chumba kizima hakuna aliyesikia tofauti.

Mimi nimeona. Na hiyo sauti ya chini naijua, ndiyo aliyonitongozea.