Kwa Nini Sikutajwa Mama Zaina Aliposhinda

Kwa mjukuu wangu mpendwa Ramazani, uliyeko Kisangani,

Kwa heshima ninakuletea salamu kutoka huku kwetu Kasuku. Bibi yako ni mzima, na dada yako amejaliwa mtoto wa kike.

Umeniuliza iwapo udai kutajwa, kwa kuwa wageni unaowafundisha dama klabuni wanashinda na jina lako halisikiki. Mimi niliyewaandikia wengi barua za madai, dai hilo sikuliandika.

Wakati wa vita, Mama Zaina alikimbilia hapa kutoka Pangi. Nilimfundisha dama kila alasiri, kwa vizibo vya chupa. Klabuni kwetu, anayemshinda mwenyekiti humtaja mwalimu wake, naye mwalimu hupewa kiti cha mbele. Lakini wenzangu walikataa kumwandika kuwa mwanachama, wakidai mwanamke hawezi kucheza kwa akili yake. Nikamwomba asinitaje, wasije wakasema ushindi ni wangu.

Siku alipocheza na mwenyekiti, alikula kete tatu kwa mpigo mmoja, akashinda. Mwenyekiti akajishika kichwa.

“Mama, njo nani alikufundisha?”

“Njo macho yangu, prezida. Munacheza pole pole, kila kitu inaonekana!”

Watu wakacheka hadi vizibo vikamwagika, naye akaandikwa papo hapo. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na sijapata kujiona mkubwa kama siku ile.

Kwa hiyo, mwanafunzi wako akishinda, piga makofi pamoja na wengine, ila wewe upige kwa nguvu zaidi.

Ni mimi babu yako, ninayejivunia kazi yako,

Mzee Salumu