Wimbo wa Namba Moja na Tafsiri Yako

Mke wangu Yunia, Mama Nyamisi,

Nimerudi kutoka Bunda kwa mdogo wako Perusi, nimefika mlangoni hapa Musoma nikapiga hodi. Bado napiga hodi kwenye nyumba yangu mwenyewe. Majirani wamezoea, hawageuki tena kunitazama. Wewe ulikuwa unaitikia kutoka jikoni, "Karibu mwenye nyumba," na kama nilikuwa na habari niliitoa hapo hapo kabla sijavua viatu. Leo nina habari kubwa na hakuna aliyeitikia. Basi naileta hivi.

Ni habari ya ule wimbo wetu.

Unakikumbuka kibanda changu cha kurekodi kanda, pale jirani na soko. Miaka ile ya themanini vijana walitaka nyimbo za Ulaya na Marekani zilizokuwa zinatamba, na madukani hapa kwetu hazikuwepo. Mimi nilizikamata hewani. Jumamosi nilifunga dirisha la mbele, nikatega redio kwenye masafa mafupi, waya wa antena nimeuzungusha kwenye mwarobaini, nikamngoja yule mtangazaji wa nje ahesabu nyimbo bora za wiki, kuanzia ya ishirini mpaka ya kwanza. Redio ilikoroma, sauti ikaja, ikazama, ikaibuka tena. Kidole changu kilikaa kwenye kitufe cha kurekodi. Mtangazaji akinyamaza nabonyeza, akikohoa tu naachia. Kiingereza changu kilikuwa cha mtu aliyeishia darasa la saba, lakini "namba wani" haikuhitaji shule.

Majina ya nyimbo hatukuyajua, kwa hiyo tuliyatunga. Kulikuwa na Trekta, kwa ajili ya ngoma zake. Kulikuwa na Mbuzi Kachinjwa, ule wa magitaa ya umeme yanayolia mpaka wazee wanavuka kwenda upande wa pili wa barabara. Vijana wa machimbo ya Buhemba waliupenda huo kuliko chakula. Na kulikuwa na Mkwaruzo, wa yule mwimbaji mwenye sauti kama ya mtu aliyelia usiku kucha. Ulianza na kinanda taratibu, halafu gitaa likaingia kwa mbali, halafu vyote vikapanda pamoja. Huo ulikaa namba moja mpaka mtangazaji mwenyewe akawa anautaja kama mtu anayetaja jina la mkwewe.

Wewe ulikuja kutafuta kanda ya kwaya. Mwalimu wa shule ya msingi, binti wa Majita, kidato cha nne umemaliza, viatu vimepigwa rangi. Mimi mtoto wa wafuga ng'ombe wa Butiama, natoa mkanda uliojiviringisha ndani ya redio kwa kalamu. Ukarudi kuuliza betri. Ukarudi tena kuuliza kama nimeona mwavuli wako, na siku hiyo mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima. Mkwaruzo ulikuwa unapiga. Nikajikaza nikasema, "Mwalimu, huyu anasema nini? Wateja wananiuliza, nakosa jibu."

"Rudisha mwanzo," ukasema.

Ukasikiliza wote umeinamisha kichwa. Kisha ukaniambia niupige tena, nisimamishe kila baada ya mstari. Ulikuwa unatazama nje, kwa akina mama wanaouza sato, wala hukunitazama mimi.

"Anasema, mimi si mtu wa maneno mengi."

Nikabonyeza, nikasimamisha.

"Anasema, usione nimenyamaza ukadhani sina neno."

Nikabonyeza tena.

"Anasema, nikisikia unakuja, moyo wangu unatulia. Hata ukija mikono mitupu, wewe njoo."

"Na hapa anaporudia rudia?"

"Hapo anasema njoo. Njoo, njoo. Basi."

Nikapiga meza kwa furaha. "Kumbe hawa Wazungu wanajua kupenda!"

Ulicheka, ukaweka kitambaa mdomoni, ukaondoka bila kuaga.

Ng'ombe walipotoka Butiama kwenda Majita kwa ajili yako, mimi nilishaamua wimbo wa kuingilia ukumbini. Baba yangu alitaka ngoma za kwetu, baba yako alitaka kwaya, na wote wawili tuliwaridhisha, lakini kuingia tuliingia na Mkwaruzo, jenereta inaunguruma nyuma ya jengo. Baada ya hapo watu wakanijua. Nilibeba spika zangu kwenda harusi za Bunda, za Butiama mpaka kitongoji cha Mwitongo. Kabla ya maharusi kuingia nilimnong'oneza mshereheshaji tafsiri yako, naye akaitangaza kwa sauti kubwa: "Anasema, hata ukija mikono mitupu, wewe njoo!" Wanawake walipiga vigelegele. Wewe ulikuwa unakuja nami ukiwa huna kazi ya shule, unasimama kando ya spika, unatazama chini unatabasamu. Nilidhani unaona fahari kwa sababu mumeo amekuwa mtu.

Katika maisha yetu yote, Yunia, hukuwahi kuniambia kwamba unanipenda. Silalamiki. Mimi Mzanaki, wewe Mjita, tulikutana katikati kwenye Kiswahili, na pengine neno lile lilikuwa linakuponyoka njiani. Uliniwekea kichwa cha samaki. Nikirudi kutoka kupiga harusi Bunda, nilikukuta umekaa nje na jembe la bustani mkononi, hulimi kitu. Kanda zilipokufa na kibanda kikabaki cha kuchajia simu, hukunicheka hata siku moja. Ila neno lenyewe, hapana. Nami nilijifariji. Kila Krismasi niliuweka ule wimbo, nikakuvuta mkono, tukacheza kati ya kabati na meza. Nikajiambia, Mzungu huyu anatosha kwa wote wawili.

Ulipougua, na tulipokupeleka Butiama mwaka juzi ukalale kwenye udongo wa nyumbani kwetu, wimbo ule ndio uliobaki unazungumza humu ndani. Nyamisi alikuwa ameniwekea kwenye simu. Jioni nilikuwa nauwasha nikiosha sahani, mwimbaji anaimba na mimi nafuatisha kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, kama ulivyonifundisha. Wapo wanaosali rozari. Mimi nilikuwa na hiyo.

Pasaka hii Nyamisi alikuja kutoka Mwanza. Unajua anafanya kazi na watalii sasa, Kiingereza kwake ni kama maji. Alinikuta kwenye beseni la vyombo nikiendelea na mambo yangu.

"Baba, unasema nini hapo?"

"Nafasiri."

"Nani kakufundisha hiyo tafsiri?"

"Mama yako. Kabla wewe hujazaliwa."

Akafuta mikono, akachukua simu, akausikiliza wimbo mpaka mwisho. Kisha akavuta kigoda akakaa.

"Baba, huyu mtu anaondoka."

"Anaondoka kwenda wapi?"

"Anamwacha mkewe. Anasema amechoka, asisubiriwe, funguo ameziacha mezani. Na pale anaporudia, anaaga."

"Hakuna njoo?"

"Hakuna njoo hata moja."

Kwanza tulicheka, mke wangu. Tulicheka mpaka Nyamisi akajishika mbavu. Nilikuwa nawaza wale maharusi wote wa Bunda na Butiama wanaoingia ukumbini wameshikana mikono, huku mwimbaji anawaambia kwaheri, nimechoka nawe. Lakini Nyamisi aliporudi Mwanza, kicheko kiligeuka kikawa kitu kingine. Haikuwezekana kwamba ulikosea, maana Kiingereza ndilo somo ulilofundisha. Basi ulijua. Nikalikumbuka lile tabasamu lako kando ya spika, nikaona pengine muda wote ule ulikuwa unamcheka mtu mmoja mjinga anayeuza asichokielewa, kisha anakitangaza kwa kipaza sauti.

Nikaacha kuuwasha. Ndipo nilipojua upweke ni nini. Tangu tukuzike sikuwahi kuwa peke yangu kweli kweli, kwa sababu kulikuwa na maneno yale. Sasa nilikaa na ugali wangu wa udaga wa muhogo na samaki wawili wadogo, furu, kwenye sahani, nikasikia meno yangu mwenyewe yakitafuna. Watu wakinisalimia njiani niliitikia nikiwa nimeshawapita. Nilikuwa nakuuliza swali moja tu, tena kwa sauti: ulikuwa unanicheka?

Ndiyo maana leo asubuhi nikaenda Bunda. Perusi nilimkuta kwenye cherehani yake, anashona sare za kwaya.

"Shemeji, mbona umekonda hivyo?"

Sikuzunguka. "Perusi, dada yako alikuwa anajua maneno ya ule wimbo wa harusi yetu?"

Akatoa mguu kwenye cherehani. "Nani kakwambia?"

"Nyamisi."

"Huyo mtoto na Kiingereza chake!" Akakata uzi. "Alikuwaga anajua. Hata mimi nilijua, si nilikuwa sekondari? Siku ya harusi nilimvuta pembeni, nikamwambia, dada, mnaingiaje ukumbini na wimbo wa mtu anayemwacha mkewe? Akaniambia nyamaza, utaniharibia."

"Kwa hiyo alikuwa ananicheka."

"Akucheke?" Perusi alisimama. Sijawahi kumwona amekasirika vile. "Shemeji, wewe umeishi na Yunia au umeishi na mwingine? Siku ile aliyokufasiria alikuja nyumbani anatembea kama mtu mwenye homa. Akakaa kitandani. Akasema, Perusi, leo nimesema. Nikamwuliza umesema nini? Akasema, nimesema yote. Nikamwuliza, na yeye kajibu nini? Akajifunika shuka mpaka usoni. Akasema, yeye anadhani ni Mzungu."

Mwanamke mmoja aliingia kuulizia gauni lake, akatutazama, akatoka.

"Mbona hakuniambia baadaye?" nikauliza.

"Angeanzia wapi? Ulikuwa umeshatangaza kwa watu wote wa Mara!" Perusi akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, akajifuta kwa kipande cha ile sare. "Na alikuwa anapenda. Unayasema maneno yake kwenye harusi za watu, wanapigiwa vigelegele, hakuna anayejua ni yake. Unadhani alikuwaga anakuja huko kufuata pilau?"

Akanipikia, akaninyima ruhusa ya kuondoka mpaka nimalize sahani. Njiani kurudi, ndani ya basi, nilikaa dirishani nikiwa nimegeuza uso.

Sasa nimekaa hapa, nakujibu. Nimechelewa, lakini uliniambia kitu nami nikamsifu Mzungu.

Mimi pia nilikuwa nimekuona kabla ya siku ya kanda ya kwaya. Ulikuwa unapita na watoto wa shule mnakwenda ziwani kwenye michezo, mmoja amechomwa na mwiba, umempakata goti lake barabarani unautoa kwa pini ya nywele zako. Watu wanapita, baiskeli zinapiga kengele, wewe hujali. Nilisimama pale mpaka mwiba ukatoka. Nilirudi kibandani nikarekodi kwaya juu ya Trekta, nikaharibu kanda ya mtu, kwa sababu sikuwa nasikia kitu. Hilo sikuwahi kukuambia. Nilingoja wimbo unisemee, na kumbe mwenzangu ulishasema kwa mdomo wako, mbele yangu, mchana kweupe.

Nilikupenda, Yunia. Nakupenda. Ona lilivyo fupi.

Lakini sitakudanganya kwamba sasa nimepona. Nyumba ni ile ile. Zamani nilikuwa namkosa mke mkimya, nikazoea. Leo namkosa yule msichana aliyejifunika shuka usoni, na huyo ndiyo kwanza nimemjua, nami sina mahali pa kumtafuta. Nyamisi anataka nihamie Mwanza. Perusi anasema nije Bunda, kuna chumba. Wote nimewaambia nitafikiri.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitakwenda Butiama kupalilia pale ulipolala, majani yamepanda tangu masika. Nitakwenda bila simu na bila wimbo wa mtu. Nitakaa chini nikuambie kwa sauti yangu yote, na wachunga ng'ombe wakisikia, wasikie.

Pumzika, Mwalimu wangu.

Ni mimi mumeo,
Baba Nyamisi